Wawili wa Matabishi

Mama Kaumba amesimama langoni, mkono kiunoni,
ananiuliza kwa sauti ya mtu aliyekuja kuomba chumvi:
"Hawa umewatoa wapi?"

Wapi. Kana kwamba ni mahali pamoja.

Waliangulika Jumatatu, upande wa Zambia,
ndani ya kabati la chuma lisilojua kutetea.
Jumanne wakavuka Kasumbalesa
juu ya magunia ya unga, chini ya turubai,
katika sanduku la karatasi lenye matundu ya kidole,
na kila tundu lilikuwa na mdomo.
Afisa aliipiga muhuri karatasi ya unga.
Ile ya vifaranga aliikunja,
akaitia mfukoni pamoja na noti ya Kabwiz.

Kabwiz ni dereva, wala si wangu peke yangu.
Nusu ya Katuba inafuga kwa simu yake.
Ukipiga asipokee, jua vifaranga wameadimika.
Ukipiga akacheka, jua bei imepanda.

Alinishushia sanduku saa nne usiku, injini hakuizima.
"Mia moja," akasema, "na wawili wa matabishi."
Nikashukuru, Mujinga wa jina
na usiku ule mjinga wa kweli,
kama niliyeongezewa nyanya mbili sokoni.
Akawasha sigara.
"Mama, hao si zawadi. Wametiwa humo
kwa ajili ya watakaokufa.
Kule wanajua hesabu."

Umeme ukakatika, kama kawaida yake
katika mji huu unaochimba shaba ya nyaya za watu wengine.
Nikawasha mbabula, nikaizungushia bati kuukuu,
nikatia maji moto kwenye chupa, chupa kwenye soksi,
soksi za shule za Ngoie,
ambaye kesho yake alikwenda shule miguu mitupu ndani ya viatu.
Nikakaa juu ya kigoda, nikahesabu.
Mia na wawili.
Mia na wawili.
Alfajiri, mia na mmoja.

Nilimweka kiganjani. Uzito wa barua.
Nikamwambia: kumbe wewe ndiwe matabishi.
Lakini usiku kucha walikuwa sawa,
manjano moja, kelele moja,
hakuna aliyefungwa uzi mguuni.
Nani alimchagua? Baridi? Mimi,
niliposinzia kidogo, kidogo tu, karibu na saa kumi?

Kufikia Jumapili walibaki tisini na sita.
Wanaojua hesabu walikuwa wamekosea kwa wanne.

Halafu yupo huyu mwekundu, wa kienyeji,
aliyetoka Kipushi kwa shangazi
amefungwa miguu kwa kipande cha kitenge.
Alipotea wiki tatu. Nikasema wezi.
Nikamtaja hata kijana wako, Mama Kaumba, unisamehe.
Asubuhi moja akatoka nyuma ya matofali
ambayo mume wangu ananunua tangu mwaka juzi,
nyumba ya kujengwa siku moja,
akatoka na watoto tisa,
hana muhuri, hana sanduku, hakumpigia Kabwiz,
akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji.
Na baba yao, nikiangalia zile shingo zisizo na manyoya,
ni jogoo wako.

Nilikwenda kuchungulia kiota.
Kulikuwa na yai la kumi, baridi, zima,
limezungushiwa majani kwa uangalifu.
Naye pia, basi, alikuwa na la juu.

Kwa hiyo uliza vizuri.
Wa sanduku, nitakupa namba ya simu.
Wa huyu mwekundu, ngoja wiki tano,
njoo na kikapu na kitambaa cha kuwafunika.
Nitakupa wanne.
Nitakuongezea mmoja.
Usiniulize kwa nini.

Na chumvi ipo, kama ndiyo uliyoijia.